Mpeasi haushibi kwa ukali wa jua

Dhana: Jua likizidi kuwaka, jani hupika chakula kingi zaidi.

Huongeza, lakini kuna kikomo. Jani moja la mpeasi lililo wazi hushiba likipata takriban nusu ya mwanga wa jua la adhuhuri. Unaozidi hapo haugeuki sukari. Jani huutoa kama joto, na likielemewa kwa muda mrefu, mitambo yake ya klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, hudhurika.

Mti mzima una hesabu yake. Wakati majani ya nje yameshiba na kusaza, ya ndani yamefunikwa na wenzao na hayana mwanga wa kutosha. Ndiyo maana nasisitiza kupogoa: ukifungua katikati ya mti, mwanga uliokuwa ukipotea juu unawafikia wenye njaa. Tawi linaloishi chini ya theluthi moja hivi ya mwanga wa jua hutoa maua machache na matunda madogo. Ila usipogoe kwa pupa. Jani lililokulia kivulini ni jembamba, na likitolewa ghafla kwenye jua kali huungua.

Dhana: Majani yakilegea kazi mchana, basi udongo umekauka.

Hii ndiyo inayopotosha wengi. Udongo waweza kuwa umelowa vizuri na bado usanisinuru, yaani ile kazi ya jani ya kupika chakula kwa mwanga, ukashuka baada ya saa sita mchana, kwa sababu ya ukavu wa hewa. Stomata, vile vitundu vidogo ambavyo kwenye mpeasi viko upande wa chini wa jani, huingiza kaboni dayoksaidi na papo hapo hutoa mvuke wa maji. Hewa ikikauka, jani huvibana lisije likanyauka. Hapo mwanga upo tele, lakini malighafi haiingii.

Joto nalo lina lake. Rubisko ni kimeng'enya kinachoikamata kaboni dayoksaidi, lakini kadiri joto linavyopanda ndivyo kinavyokosea na kukamata oksijeni, na jani hupoteza sehemu ya kaboni liliyokwisha kuifunga. Mpeasi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 20 na 30 za Selsiasi; joto likipita 35, kazi hudorora waziwazi. Kwa hiyo asubuhi tulivu, yenye unyevu hewani, mara nyingi huushinda mchana unaochoma.

Dhana: Siku ya mawingu ni hasara tupu.

Mawingu mazito hupunguza kazi, hilo ni kweli. Lakini mawingu mepesi huutawanya mwanga ukaja kutoka kila upande, ukapenya hadi kwenye majani ya ndani ambayo jua la moja kwa moja huyaacha gizani.

Dhana: Jani ni la kijani kwa kuwa linaukataa mwanga wa kijani.

Hurudisha kidogo tu. Sehemu kubwa hufyonzwa, tena huzama ndani zaidi ya jani kuliko mwekundu na wa bluu, ikalisha seli za chini.

Dhana: Usiku mti umepumzika, hali ya hewa haina neno.

Usanisinuru husimama, upumuaji hausimami. Mpeasi husafirisha sehemu kubwa ya chakula chake kama sorbitoli, kitu cha jamii ya sukari, na usiku wa joto huteketeza sehemu kubwa zaidi ya akiba iliyopatikana mchana kuliko usiku wa baridi. Kinachoteketezwa hivyo hakifiki kwenye tunda.