Vituo vya televisheni: kabla ya kulinganisha nchi, uliza kilichohesabiwa

Takwimu za mwaka 1995, ambazo zimenukuliwa kwa miaka mingi, zinaipa Norway vituo 360 vya televisheni na Uingereza 228. Asiyejua undani wake ataamini kwamba Wanorway, waliokuwa kama milioni 4.3, walikuwa na vipindi vingi vya kuchagua kuliko Waingereza milioni 58. Sivyo. Hadi 1992 shirika la umma la NRK ndilo pekee lililowafikia wananchi wa Norway nzima kwa antena, na hiyo 1995 chaneli iliyolifuata, TV 2, ilikuwa bado changa. Uingereza ilikuwa na chaneli nne za kitaifa.

Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na milima. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na yakikutana na mlima, wanaoishi nyuma yake hawapati kitu. Nchi ya mabonde hulazimika kusimamisha mnara bonde kwa bonde, na mingi kati ya minara hiyo hurusha matangazo yaleyale. Takwimu hizohizo zinaitajia Norway mitambo mingine 2,729 ya kurudia matangazo, iliyowekwa kando ya ile 360. Ni nani aliyeamua mtambo huu uitwe kituo na ule wa kurudia? Ni mhesabuji, na wahesabuji wa nchi mbili hawatumii kipimo kimoja.

Marekani wao huhesabu leseni. Mwaka 1952 mamlaka ya mawasiliano, FCC, iligawa nafasi zaidi ya 2,000 za vituo kwa miji zaidi ya 1,200, kwa nia kwamba kila mji uwe na sauti yake. Ndiyo maana WNBC ya New York na KNBC ya Los Angeles ni vituo viwili, japo vyote ni mali ya mtandao mmoja wa televisheni, NBC, na sehemu kubwa ya vipindi vya jioni ni vilevile. Uingereza, BBC One hurushwa kutoka minara zaidi ya elfu moja na bado wengi huihesabu kuwa chaneli moja. Ukiziweka nchi hizi mbili kwenye jedwali moja bila maelezo, unampotosha msomaji, na jambo hilo hunikera kila ninapoliona kwenye ripoti zinazotumika kupanga sera.

Dijitali imezidi kuchanganya hesabu. Enzi za analojia, nafasi moja ya masafa ilibeba chaneli moja. Sasa nafasi ileile hubeba chaneli kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo mtambo mmoja unaweza kukuletea orodha ndefu kwenye king'amuzi. Kinyume chake pia hutokea: baada ya mnada wa masafa uliokamilika Marekani mwaka 2017, baadhi ya vituo viliuza nafasi zao na kuhamia kwenye mtambo wa jirani. Leseni mbili, mtambo mmoja.

Mimi ningependa tuulize kwanza swali jingine: mwenye antena tu nyumbani, bila malipo ya mwezi, anapata nini? Uingereza wana jibu zuri la kuigwa. Wanaeleza kwamba chaneli za huduma kwa umma zinawafikia asilimia 98.5 ya kaya, na kundi la chaneli za kibiashara takriban asilimia 90, kwa sababu hizo za kibiashara hutumia minara kama 80 tu. Takwimu mbili hizo zinaonyesha anayekosa, na ni kwa sababu gani, jambo ambalo idadi ya vituo peke yake haiwezi kukuambia.

Hata idadi ndogo kabisa ina maelezo yake. Tarehe 3 Juni 2019, shirika la umma la Uswisi, SRG SSR, lilizima matangazo yake ya antena ya ardhini. Kwa hesabu ya vituo, Uswisi ilishuka mno siku hiyo. Lakini karibu kaya zote zilikuwa tayari zinapokea kwa kebo, intaneti au satelaiti, na wale wachache waliobaki na antena walielekezwa wafunge dishi la satelaiti.