Publicity: kutoka mahakamani hadi kwenye kiki

Msanii wa Bongo Fleva akitangaza kuachana na mchumba wake siku mbili kabla ya kuachia wimbo, mtaani hawampi pole. Wanasema anatafuta kiki. Kwangu mimi hakuna neno la Kiswahili linaloikaribia "publicity" ya leo kuliko hilo, ingawa kiki inanuka hila na publicity si lazima iwe hila.

Neno publicity lilianza na heshima zake. Chimbuko lake ni Kilatini: populus, yaani watu, na publicus, kilicho cha watu wote. Wafaransa wakapata publicité, Waingereza wakalichukua katika karne ya 18. Lilimaanisha jambo kuwa wazi mbele ya umma, kwa mfano kesi kusikilizwa milango ikiwa wazi. Jeremy Bentham, Mwingereza aliyeandika sana juu ya sheria, aliiita publicity roho ya haki, maana hakimu anayetazamwa na watu hujichunga. Kwa maana hiyo tungelifasiri "uwazi" tukamaliza.

Karne ya 19 ikaja na magazeti ya bei nafuu yenye njaa ya habari, na wajanja wakaona kuwa ukiyapa kisa cha kuandika, yatakutangaza bure. Bingwa wao Marekani alikuwa P. T. Barnum, mwenye sarakasi. Daraja la Brooklyn lilipokuwa na mwaka mmoja tu, Mei 1884, alivusha juu yake tembo 21, tembo wake maarufu Jumbo akiwemo. Watu wakaona daraja ni imara, na sarakasi ikapata wa kuizungumza. Mwaka 1900 mjini Boston ikafunguliwa ofisi iliyoitwa Publicity Bureau, ikilipwa kuwatafutia wateja nafasi kwenye habari.

Tangazo unalinunua, na kila neno lililomo ni lako. Publicity ni pale wengine wanapokusema. Huaminika zaidi kwa sababu hiyo, lakini ikigeuka huna pa kuishika.

Kiswahili kilikuwa na mbiu ya mgambo: pembe inalia, watu wanajua kuna jambo. (Mgambo hapo ni tangazo la hadhara, si yule anayewakimbiza wamachinga.) "Utangazaji" lingefaa, ila redio zimeshalichukua. "Uenezi" liko mikononi mwa vyama. CCM ina katibu wake wa itikadi na uenezi. Huko Lubumbashi, Kongo, wanakokopa kutoka Kifaransa, publicité ni tangazo la biashara tu.

Ningepewa mkataba wa msanii niufasiri, ningeandika "kujitangaza na kutangazwa". Hilo la pili ndilo Barnum alilovushia tembo.