Upepo wa mlimani haupimwi mara moja

Wawindaji wengi wa kulungu wanaoingia kwenye milima wasiyoifahamu huamini kwamba ukishajua asubuhi upepo unatoka wapi, umemaliza kazi ya kuhakikisha kulungu hanusi harufu yako. Kwenye tambarare, hilo huenda likakufaa. Mlimani litakuumbua.

Jua linapopiga mteremko, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, ikawa nyepesi na kupanda. Jioni ardhi ikipoa, hewa baridi huwa nzito na kuteremka mabondeni kama maji. Ndiyo maana mwindaji anayejificha mteremkoni juu ya alipo kulungu alfajiri, hewa ikiwa bado inashuka, humpelekea mnyama harufu yake mwenyewe. Saa chache baadaye, hewa ikipanda, mahali palepale panamfaa. Miteremko ya mashariki hugeuka kwanza, maana ndiyo inayopata jua mapema. Ya magharibi huchelewa. Kipindi cha kugeuka ndicho kibaya zaidi, hewa huzungukazunguka tu. Mimi hapo ningetulia, nisisogee hata hatua.

Beba kichupa cha unga laini, upulize kidogo kila mara uone unga unapeperukia wapi. (Nguo za madoadoa za kujificha, kwa bei yake yote, hazifichi harufu.) Dhoruba ikikaribia, upepo wake mkali huvuruga mpangilio huu wote.