Tiba ya chunusi huanzia kwenye chunusi ambayo bado haijaonekana

Chunusi inayojitokeza usoni leo ilianza kujengeka wiki kadhaa zilizopita ndani ya kitundu cha kinyweleo, kabla mwenyewe hajahisi lolote. Homoni za androjeni huichochea tezi ya mafuta izalishe kwa wingi, seli za ngozi zilizokufa hugandamana badala ya kupukutika, kitundu huziba, na bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, anayeishi kwenye ngozi ya watu wote, hustawi humo na kuuchochea mwili ulete uvimbe na usaha. Nikiwa daktari wa ngozi, huwaeleza wagonjwa mwendo huu kabla ya kuandika dawa yoyote, kwa sababu asiyeuelewa huhangaika na chunusi iliyokwisha kutoka, ilhali kazi kubwa ya tiba ni kuzuia zile zilizo njiani.

Kwa hiyo msingi wa tiba kwa wengi ni retinoidi ya kupaka, yaani dawa ya jamii ya vitamini A, hasa adapalini ya asilimia 0.1, ambayo huzuia vitundu visizibe. Hupakwa usiku kwenye ngozi kavu, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, wala haidonolewi juu ya chunusi moja moja. Katika wiki za mwanzo ngozi hukauka, huwasha na kuchubuka, na hapo ndipo wengi huitupa dawa iliyokuwa ikianza kuwafaa. Mimi hupendelea ipakwe usiku mmoja na kuruka mmoja mpaka ngozi izoee, pamoja na losheni nyepesi ya kulainisha na krimu ya kukinga jua mchana. Matokeo hayahukumiwi kabla ya wiki 8 hadi 12. Mjamzito hapaswi kutumia retinoidi.

Dawa ya pili ni benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria bila kuwajengea usugu. Watu wengi hudhani kwamba kali zaidi ndiyo bora, lakini ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10, na huiumiza ngozi kidogo tu. Tahadhari ndogo: huchujua rangi ya nguo, taulo na foronya.

Uvimbe ukiwa mwingi, au ukienea kifuani na mgongoni, mimi huongeza antibayotiki ya kumeza, kwa kawaida doksisaiklini, kwa miezi mitatu au minne hivi. Hapa sina ulegevu. Antibayotiki, iwe ya kumeza au ya kupaka kama klindamaisini, haitumiki peke yake, kwa kuwa hailizuii tatizo la vitundu kuziba, na bakteria hujenga usugu upesi. Doksisaiklini imezwe kwa maji mengi na mtu asilale papo hapo, la sivyo huweza kuunguza umio. Wajawazito na watoto walio chini ya miaka 8 kwa kawaida hawapewi.

Kwa wanawake ambao chunusi huwatoka zaidi kwenye taya na kidevu na kuzidi karibu na hedhi, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni za estrojeni na projestini, au spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya androjeni, huweza kuleta nafuu kubwa. Vidonge hivyo havimfai aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, na spironolaktoni haitumiki wakati wa ujauzito.

Isotretinoini ya kumeza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, ndiyo pekee inayogusa vyanzo vyote vinne: mafuta, kuziba, bakteria na uvimbe. Mimi huitumia kwa chunusi kubwa za ndani zinazoacha makovu, au zilizokataa tiba nyingine, kwa kipimo cha miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa miezi kadhaa. Wagonjwa wengi hupona kwa muda mrefu. Hata hivyo huharibu vibaya mimba, kwa hiyo mwanamke hupimwa ujauzito kabla na wakati wa tiba, na hujikinga kwa uhakika hadi mwezi mmoja baada ya kumaliza. Midomo hukauka kwa karibu kila mtu. Mafuta yaliyomo kwenye damu hupimwa, na ini pia. Mabadiliko yoyote ya hisia yaelezwe mapema. Haichanganywi na doksisaiklini, kwani zikiwa pamoja huongeza hatari ya shinikizo kupanda ndani ya fuvu.

Wenye ngozi nyeusi mara nyingi huumizwa zaidi na madoa yanayobaki kuliko chunusi zenyewe, na uchungu huo nauelewa. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 hutibu vyote viwili, na hufaa hata kwa mjamzito. Kinachonihuzunisha ni krimu za kung'arisha zenye steroidi kali: huutuliza uvimbe kwa siku chache, kisha huifanya ngozi iwe nyembamba na kuzusha chunusi mpya, na zikiachwa ghafla uso hufura na kuwa mwekundu. Anayezitumia aje kwa daktari akiwa na kopo lenyewe ili apangiwe namna ya kuziacha.

Makovu yenye mashimo hayaondolewi na krimu pekee. Hutibiwa kwa sindano ndogondogo, leza au kukata nyuzi zinazoivuta ngozi chini, baada ya chunusi kutulia. Na mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha, aitaje kabla ya hatua yoyote kati ya hizo.