Usingoje uache pombe ndio uende AA: maswali tunayoulizwa kliniki

Nafanya kazi kliniki ya ulevi huku Pwani, na sentensi ninayoisikia kuliko zote ni "wacha niache kwanza, nikishaacha nitaenda huko kwa mikutano." Halafu siku mbili tatu baadaye watu wa nyumbani wanamleta wamembeba, ameuma ulimi, amejikojolea, hajui yuko wapi. Jamani.

AA ni nini hasa?
Alcoholics Anonymous. Ni watu ambao pombe iliwashinda, wanakutana kusaidiana wasiirudie. Ilianzia Akron, Marekani, 1935, na hapa Kenya iko miaka mingi. Hakuna kiingilio, hakuna fomu, hakuna wa kukuuliza kitambulisho. Kapu la mchango likipita na huna kitu unampa wa pembeni yako. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha pombe. Unataka. Sio uwe umeacha.

Kwa hiyo naweza kwenda na bado nakunywa?
Ndio, nenda. Hata kama asubuhi ulipitia mangweni, kule kunakouzwa mnazi, na jioni kuna mkutano, nenda, keti nyuma, sikiliza. Pengine utaombwa siku hiyo usizungumze, na chupa iache huko huko nje. Hakuna wa kukushangaa, wengi wao siku ya kwanza walikuja wananuka. Kungoja uache ndio uende ni kama kungoja upone ndio uje hospitali.

Mimi nataka tu kujifungia ndani wiki moja niimalize mwenyewe.
Hapa naomba tusikizane. Kama unakunywa kila siku, na ukiamka mikono inatetemeka mpaka utoe loki, yaani unywe kidogo kwanza ndio utulie, USIACHE GHAFLA PEKE YAKO. Mwili umezoea pombe, ukiikata kwa mara moja ndani ya masaa machache unaanza kutetemeka na kutoka jasho, degedege mara nyingi huja siku mbili za kwanza, halafu kati ya siku ya pili na ya nne kuna wanaoanza kuona wadudu ukutani, kuongea na watu ambao hawapo, homa, moyo unaenda mbio. Hiyo hali inaua. Wewe pitia hospitali, utapewa dawa ya kutuliza ambayo inapunguzwa pole pole na vitamini B1, na mikutano unaanza ukishaweza kukaa kwa kiti. Na tafadhali usiende kujinunulia diazepam dukani, ukiichanganya na pombe unaweza kulala ukaacha kupumua.

Anaongea na ukuta, si ni majini hayo?
Ulizeni kwanza pombe ya mwisho alikunywa lini. Tunaletewa watu ambao wamezungushwa kwa mganga, wamefungwa kamba, wamemwagiwa maji, hospitali ndio kituo cha mwisho. Dua sikatazi, msomeeni ndani ya tuktuk mkija.

Nitapata wapi mkutano?
Piga 1192, ni laini ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure. Ama uliza kliniki yoyote ya afya ya akili au rihabu iliyo karibu, wengi wanajua vikundi vya hapo. Thibitisha saa na mahali kabla hujatoka, manake huwa vinahama. Uliza pia kama ni mkutano wa wazi, huo unaweza kwenda hata na ndugu yako, ule mwingine ni wa wenye shida ya pombe peke yao. Kama uko mbali iko ya Zoom, unahitaji bando tu. Na kundi la kwanza lisipokukaa jaribu lingine kabla hujasema AA haifai.

Watu wataniona.
Watu walishakuona, ndugu yangu, umelala steji. Kule ndani unataja jina la kwanza tu, na yanayosemwa hayatoki.

Mimi Muislamu, hiyo si ya kanisa?
Saa zingine wanakodi chumba cha kanisa, basi. Sio ya dini yoyote, zile hatua 12 ambazo wanachama wa AA huzifuata zinamtaja Mungu vile wewe mwenyewe unavyomjua.

Nikienda mara moja inatosha?
Haitoshi. Wakongwe humwambia mgeni aende mikutano 90 siku 90. Kwetu wakati mwingine kundi linakutana mara moja kwa wiki, sasa siku zingine jazia na ya mtandaoni, na tafuta sponsa, mtu wa jinsia yako aliyekaa muda mrefu bila pombe, umpigie kabla hujakunywa, sio baada. Ukiteleza, rudi kesho yake. Wengi hapa wanaanza tena ile ngoja ngoja, "nikitulia nitarudi," na hawarudi tena mpaka waletwe. Kesho yake, na hangova yako.

Na sisi mama na wake zao?
Iko Al-Anon ya familia, hata yeye akikataa kwenda wewe nenda, na isipokuwepo karibu mkutano wa mtandaoni utaupata. Ila kama saa hii yuko siku ya pili bila pombe na anatetemeka au anaweweseka, hayo ya mikutano achaneni nayo kwanza, tafuteni gari mumlete.