Utundu ni upi na tatizo la tabia ni lipi?

Huku kwetu Tanga mtoto akishakuwa haambiliki utasikia "huyo mtundu", "huyo kadekezwa", wengine watakwambia kabisa kachezewa na wachawi, yote yanawekwa fungu moja. Ila tatizo la tabia lina maana yake. Mtoto wa miaka miwili mitatu kujigaragaza chini pale Ngamiani kisa kanyimwa ubuyu, huo ni umri tu, hasira anazo lakini maneno ya kuzisema bado hana, akikua zinapungua. Linakuwa tatizo pale vurugu hailingani tena na umri wake, inadumu (kwa mengi madaktari wanaangalia kama miezi 6 hivi) na inamfuata kila aendako, nyumbani hivyo hivyo, madrasa hivyo hivyo, shule hivyo hivyo, mpaka hasomi wala hachezi na wenzie. Anayesumbua nyumbani tu na kwengine katulia, mi ningeitazama nyumba kwanza.

Kinachoniuma ni fimbo wanazopigwa watoto kumbe wagonjwa. Mtaani kwetu Makorora kulikuwa na mtoto akiitwa haitiki, akaambiwa ana kiburi, kachapwa weee, kuja kupelekwa hospitali wakakuta masikio yote mawili yana maji kwa ndani, hasikii vizuri. Na kuna kifafa ambacho hakimwangushi mtu, mtoto anaduwaa sekunde chache katikati ya maneno halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea, mwalimu anaona anaota tu darasani. Hata anayekoroma usiku kucha akakosa usingizi, au aliyepungukiwa damu, mchana anaweza kuwa mkali au asitulie kabisa. Ndo maana usishangae daktari akianza na masikio na macho wakati wewe umekuja kusema mwanao mkorofi.

Sasa hiyo miezi 6 si ya kila kitu jamani. Mtoto alikuwa anaongea maneno yanaanza kumpotea, au anajiumiza, au anasema anataka kufa, mpeleke leo. Na aliyebadilika ghafla, alishaacha kukojoa kitandani kaanza tena, anamwogopa mtu fulani au hataki kwenda kwa huyo mtu, pengine anafanyiwa kitu, muulize taratibu mkiwa wawili, usimkaripie, na simu ya 116 ya huduma kwa watoto ni bure.

Kwa yasiyo ya haraka anza zahanati au kituo cha afya cha karibu, ikibidi watakupa rufaa ya Bombo, hospitali yetu ya mkoa. Beba kadi ya kliniki, na kabla hujaenda andika kwenye daftari kama wiki mbili hivi: vurugu ilianza saa ngapi, kabla yake kulitokea nini, ilichukua muda gani, na mwalimu anasemaje. Akiduwaa mrekodi kwa simu, maana mbele ya daktari mara nyingi anakaa kimya kama si yeye.