Bariere ya kukamata wezi wa filamu inafungua mizigo ya kila mtu

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza maharagwe soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, alinijia na telefone mkononi, anatetemeka, akaniambia "yaya, watu wananipigia wanasema nimewaomba pesa, na mimi sijaomba mtu hata franga." Nikaifungua. WhatsApp yake ilikuwa imeshatoka, inauliza namba upya kama telefone mpya. Nikaenda kwenye orodha ya programu, nikakuta moja isiyotoka kwenye duka la kawaida, ya kuangalia mechi za Ulaya bure, mtoto wake alikuwa amewekewa kwenye kabini (kile kibanda cha inite, yaani salio la simu) pamoja na filamu za kujaza kadi. Nikaangalia ruhusa zake: kusoma mesaji za SMS, ndiyo, kusoma majina ya watu, ndiyo. Sasa niambieni, mechi inahitaji SMS za nini? Ndo hapo mwizi alipoingilia, ile kodi, yaani namba ya siri ya tarakimu sita WhatsApp inayotuma ukihamia telefone nyingine, programu iliisoma kabla mama hajaiona, mtu akaingia na jina lake akaanza kuomba mashemeji na wateja pesa ya hospitali.

Majirani waliokuwa pale wakasema kwa sauti moja, serikali ifunge saiti zote za filamu na mechi za wizi, ndizo zinazoleta programu kama hizi. Nawaelewa kabisa. Lakini mi kazi yangu ni rezo, yaani mitandao ya simu na intaneti, mwaka wa kumi na mbili huu natandika kebo na kuweka ruta maofisini hapa Lubumbashi, na najua kufunga maana yake nini kwenye mashine, kwa hiyo acheni niwaeleze.

Ukiandika jina la saiti, telefone haijui saiti ile inakaa wapi, inabidi iulize kwanza, na inauliza seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni yako ya rezo: huyu namba yake ngapi? Mara nyingi lile swali linasafiri wazi, kama mtu anayeuliza njia kwa sauti katikati ya barabara. Akishajibiwa ndo safari inaanza, na mzigo wenyewe siku hizi unafungwa (ile kufuli unayoiona karibu na anwani), ila hata ukifungwa, jina la saiti kwa kawaida linaonekana juu ya gunia. Kwa hiyo kampuni haioni ukurasa uliosoma, lakini inaona umefungua saiti gani, saa ngapi, ukiwa karibu na mnara gani, na laini yako imeandikishwa kwa karti yako ya mpiga kura.

Kuna kitu nilijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa nyuma niliweka ruta kwenye ofisi moja, nikaiacha inaandika kila jina linaloulizwa, nilitaka tu kujua nani anamaliza mega za intaneti. Asubuhi nikasoma. Mstari mmoja ulisema 02:14, telefone ya mlinzi wa usiku, saiti ya kueleza dalili za ukimwi, halafu 02:31 saiti nyingine ya habari hizohizo, halafu 03:05 tena. Yule baba alinisalimia getini na mimi nikashindwa kumtazama machoni. Sikuwa natafuta siri ya mtu, nilikuwa natafuta mega. Nikafuta lile faili lote, na tangu siku ile ruta zangu zinahesabu ukubwa wa mzigo tu, majina haziandiki.

Sasa ukitaka kufunga saiti za filamu za wizi, njia ya kwanza ni kuiambia seva ijibu uongo, "huyo hayupo". Ni rahisi na haisaidii, maana mwenye saiti ananunua jina jingine siku hiyohiyo, na kijana wa kabini anabadilisha seva ya kuuliza kwenye telefone yako kwa dakika mbili. Ukifunga kwa namba unaumiza wengine, kwa sababu namba moja inaweza kubeba mamia ya saiti zisizojuana. Basi anayetaka kufunga kweli analazimika kupanda juu zaidi, aweke mashine inayosoma kila gunia linalopita. Mmeona bariere ya barabara ya Kasumbalesa, kwenda mpaka wa Zambia, ili ukamate lori moja lenye magendo unasimamisha yote. Na mashine ikishawekwa haijui tofauti ya filamu na habari ya ugonjwa wako, inasoma chochote mwenye funguo anachoiambia isome.

Wamarekani walibishana juu ya hili miaka mingi iliyopita. Kulikuwa na muswada unaoitwa SOPA, ulitaka kampuni za rezo zizuie majina ya saiti za nje zinazoshutumiwa wizi wa kazi za watu. Wahandisi walioelewa ule mfumo wa majina wakapinga, na tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ikazima kurasa zake masaa 24 kwa kupinga, siku mbili baadaye muswada ukawekwa pembeni. Lakini angalieni katikati pale, tarehe 19 Januari, sheria ile haijapita, Megaupload, saiti kubwa ya watu kuweka na kugawana mafaili, ikafungwa na mwanzilishi wake akakamatwa New Zealand kesho yake, kwa sheria zilizokuwepo. Yani wakubwa wa wizi walifikiwa kwa kufuata pesa na kampuni, bila kusoma magunia ya watu. Hata hivyo kuna waliokuwa wameweka mule faili zao halali, kazi za mikono yao, zikapotea pamoja na za wezi.

Na sisi tusijifanye ni mambo ya mbali. Desemba 2016 mitandao ya kijamii ilizuiwa Kongo, watu wakakimbilia VPN za bure (programu za kupitisha mzigo wako kwa mashine ya mtu mwingine ili uvuke kizuizi) bila kuuliza mwenyewe ni nani, na VPN haifuti macho, inayahamisha tu, kile alichokuwa anaona mtu wa rezo sasa anakiona mwenye VPN. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ikakatwa kabisa, ikarudi baada ya siku kama ishirini. Pale VPN haikusaidia kitu, barabara yenyewe haikuwepo. Sababu iliyotolewa ilikuwa matokeo ya uongo yanayozunguka. Halafu 2020 ikaja RAM, rejista ya serikali ya telefone, kila telefone iandikishwe, sababu nzuri tu, kupambana na telefone za wizi na za bandia, tukakatwa inite, dola 7 kwa mwaka kwa za 3G na 4G, watu wakapiga kelele hadi ikaondolewa 2022. Kila mara sababu ilikuwa na ukweli ndani yake, na kila mara aliyelipa ni yule aliyekuwa hana kosa.

Msinisome vibaya, wizi wa muziki unaniuma. Hapa mtaa wa Katuba kuna kijana namfahamu, alikusanya pesa ya studio miezi minane, wimbo ukatoka Ijumaa, Jumatatu ulikuwa kwenye kila kabini unajazwa kwenye kadi pamoja na nyimbo mia mbili nyingine, anayejaza anapata franga, yeye hapati hata mia. Sheria inayomlinda ni ya tarehe 5 Aprili 1986, enzi za kaseti. SOCODA ipo ya kukusanya haki za waandishi, lakini yeye hajaona kitu. Kwa maoni yangu pale ndo pa kushika: kabini ziuze wimbo kihalali kwa bei ya inite kidogo, msanii apate sehemu yake kwenye telefone siku hiyohiyo, na matangazo yanayolisha saiti za wizi yafuatwe hadi kwa wanaoyalipia. Hiyo haihitaji kujua mlinzi wangu anasoma nini saa nane usiku.

Tuna Kodi ya Numeriki (siyo ushuru, ni Code du numérique, sheria ya mambo ya dijitali) tangu tarehe 13 Machi 2023. Watu wanaijua kwa kifungu cha 360, kile cha habari za uongo kuhusu mtu, miezi hadi sita gerezani. Wachache wanajua kwamba sheria hiyohiyo ina sehemu nzima ya kulinda habari za mtu binafsi na inaweka mamlaka ya kuzisimamia. Hiyo sehemu ndo natamani tuidai kwa nguvu, kila anayekuomba karti yako akuambie anaiweka wapi na kwa muda gani.

Mama wa maharagwe tulikaa naye karibu masaa mawili. Kwanza nilitoa ile programu, halafu nikaiandikisha WhatsApp upya, mwizi akatupwa nje, nikaweka namba ya siri ya pili ambayo mama aliichagua mwenyewe na akakataa kuniambia, nikafurahi sana. Baadaye tukawapigia watu mmoja mmoja kutoka kwenye daftari lake la madeni, maana ndo orodha pekee aliyokuwa na uhakika nayo. Wawili walikuwa wameshatuma.